Sura ya 6: Kutoa Picha Kwenye Kamera ya Zamani

Kamera imekaa kabatini miaka mingi, betri imekufa, na waya wake haujulikani uliko. Picha zilizomo zitaingiaje kwenye kompyuta? Ndilo swali la kila anayefungua droo na kukuta kamera ndogo ya dijitali iliyopiga harusi, mahafali au kipaimara kabla simu hazijachukua kazi hiyo.

Jibu fupi linatia moyo. Katika kamera nyingi za dijitali, picha hazikai ndani ya kamera yenyewe. Zinakaa kwenye memori kadi, yaani kipande chembamba cha plastiki chenye chipu ya kutunza kumbukumbu, kinachoweza kuchomolewa. Kadi ikiwa nzima, picha hupatikana hata kama kamera haiwaki tena. Kinachohitajika ni kifaa cha kuisoma kadi hiyo, kompyuta, na utaratibu mmoja usiovunjwa: kunakili kwanza, kukagua nakala, kuweka nakala ya pili mahali pengine, na kufuta, ikibidi, mwishoni kabisa. Picha nyingi hupotea siku ya kuhamishwa, mikononi mwa mtu aliyeugeuza mpangilio huo.

Kwa nini picha hizi zina thamani

Kamera ndogo za dijitali zilienea Tanzania katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kwa Dodoma, hicho ni kipindi chenye mambo mengi ya kukumbukwa. Mwaka 2006 ukumbi mpya wa Bunge ulianza kutumika, na mwaka huohuo michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kilianzishwa. Baadaye, mwaka 2016, ikatangazwa kwamba Serikali yote inahamia Dodoma, na mwaka 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Tangu hapo barabara, majengo na mitaa vimebadilika kwa kasi.

Kwa hiyo picha ya familia iliyopigwa mbele ya nyumba mwaka 2008 hubeba pia sura ya mji ambao haupo tena: mti uliokatwa, uwanja uliojengwa, barabara ya vumbi iliyowekwa lami. Picha za filamu zilikuwa na negativu, na mtu aliyepoteza picha aliweza kurudi studio kusafisha nyingine. Picha ya dijitali haina negativu. Kama haikuwahi kusafishwa wala kunakiliwa, kadi iliyomo kwenye kamera ndiyo nakala yake pekee.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha. Kadi hutunza picha kwa chaji ndogo za umeme zilizofungiwa ndani ya chipu. Chaji hizo huvuja polepole miaka inavyopita, na joto huongeza kasi ya kuvuja. Kadi iliyoachwa miaka 15 ndani ya sanduku chini ya paa la bati inaweza kuwa bado nzima, lakini haifai kuachwa mwaka mwingine.

Kuitambua kadi

Kabla ya kununua kifaa chochote, kadi itolewe kwenye kamera na kutazamwa. Kamera izimwe kwanza. Mlango wa kadi mara nyingi uko chini, pamoja na wa betri, au ubavuni. Kadi nyingi hutoka kwa kusukumwa ndani kidogo hadi zinapolia na kuruka zenyewe. Hazivutwi kwa nguvu. Aina zinazokutwa zaidi ni hizi:

- SD. Ilitangazwa mwaka 1999 na kampuni za SanDisk, Panasonic na Toshiba. Ina kona moja iliyokatwa na kitufe kidogo ubavuni. Ndiyo iliyoenea kuliko zote na ndiyo rahisi kuisoma leo.
- SDHC na SDXC. Zina umbo lilelile la SD lakini uwezo mkubwa zaidi. SDHC ilikuja mwaka 2006 na hufika GB 32. SDXC ilikuja mwaka 2009 na huanzia juu ya hapo. Maandishi yaliyo usoni mwa kadi huonyesha ni ipi.
- MicroSD. Ni ndogo kama ukucha, ileile ya kwenye simu. Huingizwa kwenye kava lenye umbo la SD ili itumike kwenye kamera.
- CompactFlash. Ilitolewa na SanDisk mwaka 1994. Ni nene na pana, upana wake ukiwa milimita 43, na ina safu za matundu madogo upande mmoja. Hukutwa kwenye kamera kubwa za wapiga picha wa kazi.
- Memory Stick. Ni ya Sony, kuanzia mwaka 1998. Ya awali ni ndefu kama kipande cha ubani wa kutafuna. Iliyofuata, iitwayo Duo, ni fupi.
- xD. Ilitolewa na Olympus na Fujifilm mwaka 2002. Ni ndogo kuliko SD na ina mistari ya dhahabu nyuma. Haitengenezwi tena.
- SmartMedia. Ilitangulia xD. Ni nyembamba sana, chini ya milimita moja, na ina bamba kubwa la dhahabu usoni.

GB ni kifupi cha gigabaiti, kipimo cha ukubwa wa kumbukumbu. GB moja ni takriban megabaiti 1,000, yaani MB 1,000. Picha ya kamera ya megapikseli 5, yaani yenye nukta milioni 5 za rangi, huchukua kama MB 2. Kadi ya GB 1 basi hubeba picha zipatazo 500. Kiasi hicho ni kidogo kwa kompyuta yoyote ya leo, kwa hiyo hakuna haja ya kuchagua picha za kuacha. Zote zinakiliwe.

Kamera nyingine zina kumbukumbu ndogo ya ndani, ya MB chache tu, inayotumika pale kadi inapokosekana. Kadi ikikutwa tupu, au ikiwa haimo kabisa, picha zinaweza kuwa huko. Ili kuzitoa, kamera lazima iwake: ama iunganishwe kwa waya, ama menyu yake itumike kunakili kutoka kumbukumbu ya ndani kwenda kwenye kadi.

Kwa ufupi: aina ya kadi ndiyo inayoamua kifaa cha kutafutwa. Kwenda dukani na kadi yenyewe mkononi huokoa fedha na safari.

Vumbi, betri na maandalizi mengine

Nyanda za kati ni kavu. Kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni adimu, upepo ni mkali, na vumbi laini huingia hadi kwenye makabati yaliyofungwa. Vumbi hilo likikaa kwenye mistari ya dhahabu ya kadi, kompyuta hushindwa kuisoma kadi ambayo haina ubovu wowote. Mistari hiyo ifutwe taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Tundu la kadi kwenye kamera na kwenye kompyuta lisafishwe kwa brashi laini au kipulizio cha mpira. Kupuliza kwa mdomo hakufai, kwani mate huingia pamoja na pumzi na kuleta kutu.

Kadi ya SD ina kitufe kidogo ubavuni. Kikishushwa upande wa alama ya kufuli, kadi hufungwa: kompyuta inaweza kusoma picha lakini haipaswi kuandika, kufuta wala kupitisha virusi ndani yake. Kukishusha kitufe hicho kabla ya kazi ni kinga isiyogharimu chochote. Memory Stick nyingi za awali na baadhi ya kadi nyingine zina kitufe cha namna hiyo pia.

Betri zinahitajika pale tu kamera inapolazimika kuwashwa. Kamera zinazotumia betri za kawaida za AA hula umeme mwingi kuliko redio au tochi. Betri za bei ya chini zinazotosha tochi huifanya kamera ionyeshe alama ya betri kuisha baada ya dakika moja. Zinazofaa ni betri za alkalini mpya, au za kuchaji aina ya NiMH zenye maandishi ya volti 1.2.

Kamera iliyoachwa na betri ndani kwa miaka inaweza kuwa na unga mweupe kwenye chuma cha betri. Unga huo ni kemikali ya betri ya alkalini iliyovuja na isiguswe kwa mkono mtupu. Husafishwa kwa pamba iliyochovywa kidogo kwenye siki au maji ya limao, kisha chuma hukaushwa kabisa kabla ya kuweka betri mpya.

Betri bapa ya lithiamu iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa, kwani inaweza kuwaka moto. Ikiwa haijavimba lakini chaja yake imepotea, chaja ya kubana, ile yenye vidole viwili vya chuma vinavyosogezwa, huweza kusaidia. Isiachwe usiku kucha bila mtu.

Njia ya kwanza: kadi rida

Kadi rida ni kifaa kidogo cha kusoma memori kadi, kinachochomekwa kwenye tundu la USB la kompyuta. Laptopu nyingi zina tundu la kadi ya SD tayari. Kadi rida za SD na microSD hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya vifaa vya simu na kompyuta. Za CompactFlash na Memory Stick huhitaji kuulizia zaidi, na mwenye duka anaweza kuagiza Kariakoo, Dar es Salaam. Kwa xD na SmartMedia, tumaini kubwa ni kadi rida za zamani za matundu mengi, ambazo bado zimo kwenye droo za studio za picha na mafundi.

Njia hii ndiyo bora, kwa sababu haitegemei betri wala waya wa kamera, na inaruhusu kadi kufungwa isiandikwe. Hatua zake ni hizi:

1. Kitufe cha kufuli kishushwe, kama kipo.
2. Kadi iingizwe kwenye kadi rida kwa upande wake sahihi. CompactFlash isisukumwe ikikataa. Pini nyembamba za ndani hupinda na kuharibu kadi na rida kwa pamoja.
3. Kompyuta ikifungua dirisha la kuuliza la kufanya, lifungwe. Kwenye Windows, kitufe chenye nembo ya Windows kibonyezwe pamoja na herufi E ili orodha ya diski ionekane. Kadi itaonekana kama diski yenye herufi, kwa mfano E au F.
4. Folda iitwayo DCIM ifunguliwe. Karibu kamera zote za dijitali huweka picha humo, kwa mujibu wa kanuni iliyokubaliwa na watengenezaji wa Japani mwaka 1998. Ndani yake kuna folda zenye tarakimu tatu na herufi tano, kama 100CANON au 101MSDCF.
5. Folda nzima ya DCIM inakiliwe: ichaguliwe, Ctrl na C zibonyezwe, kisha folda mpya ifunguliwe ndani ya kompyuta na Ctrl na V zibonyezwe.
6. Ikiwa kuna folda nyingine nje ya DCIM, nazo zinakiliwe. Baadhi ya kamera huweka video huko.
7. Kazi ikiisha, kadi itolewe kwa amri ya kuondoa kifaa kwa usalama, ndipo ichomolewe.

Hatua ya tano ina neno zito: kunakili. Kuhamisha kwa Ctrl na X hufuta picha kwenye kadi kadiri zinavyofika kwenye kompyuta. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta ya mezani isiyo na betri huzimika papo hapo, na picha iliyokuwa njiani inaweza kukosekana pande zote mbili. Kwa kunakili, umeme ukikatika hakuna kilichopotea. Kazi huanza upya.

Baada ya kunakili huja ukaguzi. Idadi ya faili na ukubwa wa folda ya DCIM kwenye kadi vilinganishwe na vya kwenye kompyuta, lazima vilingane. Kisha picha kadhaa zifunguliwe kwa ukubwa wake kamili, za mwanzo, za katikati na za mwisho. Picha iliyonakiliwa nusu mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu sehemu ya chini. Picha ndogo za kwenye orodha hazitoshi kwa ukaguzi, kwani zinaweza kuonekana sawa wakati picha yenyewe imeharibika.

Njia ya pili: waya wa USB

Pale kadi rida inapokosekana, au picha zinapokuwa kwenye kumbukumbu ya ndani, kamera huunganishwa moja kwa moja. Kamera nyingi za kipindi hicho zina tundu la USB ndogo ya mtindo wa zamani, nene kuliko ya simu zilizofuata. Waya wake ni uleule uliotumika kwenye diski za nje za zamani na baadhi ya vifaa vya muziki. Lakini baadhi ya kamera za Nikon, Olympus, Sony na nyinginezo zina tundu la umbo la pekee. Waya usioingia kwa wepesi usilazimishwe.

Betri iwe imejaa. Kamera iunganishwe ikiwa imezimwa, kisha iwashwe. Baadhi ya kamera huhitaji kuwekwa kwenye hali ya kutazama picha, ile yenye alama ya pembetatu.

Kamera huzungumza na kompyuta kwa moja ya namna mbili. Ya kwanza ni kujitokeza kama diski ya kawaida. Hapo hatua ni zilezile za kadi rida. Ya pili huitwa PTP, ambayo ni utaratibu wa kamera kukabidhi picha moja moja inapoombwa. Hapa kamera huonekana kwa jina lake bila herufi ya diski, na picha hupokelewa kwa programu ya Photos kwenye Windows au Image Capture kwenye kompyuta za Apple. Kamera isipoonekana kwa namna moja, sehemu ya USB kwenye menyu yake hubadilishwa kwenda nyingine. Programu ya kupokea picha ikiuliza kama ifute picha kwenye kamera baada ya kuzipokea, jibu ni hapana.

CD iliyokuja na kamera mara nyingi haihitajiki tena. Programu zake zilitengenezwa kwa ajili ya Windows za zamani, na kompyuta za sasa huzitambua kamera nyingi bila msaada.

Uvumilivu unahitajika. USB ya toleo la 1.1, iliyokuwamo kwenye kamera nyingi za mwanzo, husafirisha takriban MB 1 kwa sekunde. Kadi ya GB 1 iliyojaa huchukua zaidi ya robo saa. Kuona mstari wa maendeleo umesimama kidogo si sababu ya kuchomoa waya.

Njia ya tatu: simu, steshenari au studio

Nyumba isiyo na kompyuta bado ina njia. Simu nyingi za Android hukubali kadi rida ndogo inayochomekwa kwenye tundu la kuchajia. Programu ya mafaili ya simu huionyesha kadi, na folda ya DCIM hunakiliwa kwenye simu, nafasi ikiruhusu.

Steshenari na studio za picha pia hufanya kazi hii na kuweka picha kwenye flashi ya mteja. Mambo matatu yazingatiwe huko. Kadi ifungwe kwa kitufe chake kabla ya kukabidhiwa, maana kompyuta zinazopokea flashi za watu wengi kutwa nzima hupokea na virusi vyao. Mwenye picha abaki karibu hadi kazi iishe na akague nakala palepale. Mwisho, nakala iliyobaki kwenye kompyuta ya dukani ifutwe, hata kwenye ndoo ya taka ya kompyuta hiyo. Picha ya mtu ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na familia ina haki ya kudai picha zake zisiachwe mikononi mwa wengine.

Kwa ufupi: kadi rida ndiyo chaguo la kwanza. Waya ni chaguo la pili, na huwa la lazima kwa kumbukumbu ya ndani. Huduma ya dukani inafaa mradi mwenye picha asimamie.

Vikwazo na tiba zake

*Kompyuta inataka kuifomati kadi.* Kufomati ni kuiandaa kadi upya kana kwamba haina kitu. Ujumbe huu hutokea kompyuta inaposhindwa kuelewa mpangilio wa kadi, na haumaanishi kwamba picha zimekufa. Jibu ni kukataa. Sababu moja ya kawaida ni kadi rida ya zamani: iliyotengenezwa kabla ya SDHC haiwezi kusoma kadi ya GB 4 ya aina hiyo. Kadi ijaribiwe kwenye rida mpya zaidi, au kwenye kamera yenyewe, kabla ya hatua nyingine yoyote.

*Folda zimegeuka kuwa njia za mkato.* Hiki ni kirusi kinachozunguka sana kupitia flashi. Huficha folda halisi na kuweka alama zenye majina yaleyale badala yake. Picha bado zimo. Alama hizo zisibofywe, kwani ndizo zinazokiamsha kirusi. Kadi ikaguliwe kwa programu ya kuua virusi, kisha, kwenye dirisha la amri la Windows, amri attrib -h -r -s /s /d E:\*.* hurudisha folda zilizofichwa. Herufi E hubadilishwa iwe ya kadi husika. Kwa kuwa amri hii huandika kwenye kadi, kitufe cha kufuli lazima kifunguliwe kwanza.

*Picha zilifutwa.* Kadi ina orodha ya majina ya faili na mahali kila faili lilipo. Kufuta picha ni sawa na kukata jina la mwanafunzi kwenye daftari la mahudhurio: jina halipo, lakini mwanafunzi bado amekaa kwenye dawati lake hadi mwingine aketishwe hapo. Kwa hiyo kadi ambayo picha zake zimefutwa kwa bahati mbaya isipigiwe picha nyingine hata moja. Programu ya bure iitwayo PhotoRec husoma kadi nzima na kukusanya picha zisizo na jina kwenye orodha. Picha zinazopatikana zihifadhiwe kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi ileile, na zitakuja na majina mapya ya tarakimu.

*Kamera inakataa kadi mpya.* Kamera iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida husoma SD za hadi GB 2 tu. Kuinunulia kadi ya GB 64 ni kupoteza fedha.

*Video haichezi.* Kamera za zamani zilirekodi video kwa mipangilio ambayo baadhi ya programu mpya haziifahamu. Programu ya bure ya VLC hucheza karibu zote.

Tarehe na majina

Kila picha ya dijitali hubeba ndani yake maelezo ambayo hayaonekani usoni: siku na saa ilipopigwa, aina ya kamera, na mara nyingi mipangilio ya mwanga. Maelezo haya huitwa EXIF. Ndiyo yanayoiwezesha kompyuta kupanga picha kwa mfuatano wa miaka.

Tatizo ni saa ya kamera. Kamera iliyokaa bila umeme kwa muda mrefu husahau tarehe na kurudi kwenye siku ya kwanza ya mwaka uliowekwa kiwandani. Mwenye kamera akiipita hatua ya kurekebisha saa, harusi ya mwaka 2009 huandikwa ya mwaka 2000. Majina ya faili nayo hayasaidii: IMG_0001 au DSC00001 hurudiwa na kamera nyingine, na hata na kamera ileile hesabu inapoanza upya. Faili mbili zenye jina moja zikiwekwa kwenye folda moja, moja inaweza kuifuta nyingine.

Dawa ni kuipa kila kadi folda yake na kuiita kwa mwaka, mwezi, tukio na mahali, mwaka ukitangulia: *2009-12-harusi-Mpwapwa*, *2011-11-mahafali-UDOM*. Folda za namna hii hujipanga zenyewe kwa mfuatano. Pale tarehe isipojulikana, wazee wa familia waulizwe mapema. Shangazi anayekumbuka kwamba ilikuwa mwaka wa mavuno mabaya, au kabla ya mtoto fulani kuanza shule, anatoa tarehe ambayo kamera ilishindwa kuitoa. Majina ya watu waliomo yaandikwe kwenye faili fupi la maandishi ndani ya folda hiyohiyo.

Umuhimu wa tarehe unavuka familia. Mwaka 1951 mwanaakiolojia Mary Leakey alinakili kwa mkono michoro ya miambani ya Kondoa, na nakala za namna hiyo ndizo zinazowezesha watu wa leo kujua michoro ilionekanaje wakati huo. Picha ya dijitali iliyopigwa Kolo, kwenye michoro hiyo ya Kondoa, na mgeni, mwalimu au mwanafunzi mwaka 2007 inaweza kufanya kazi hiyohiyo, kuonyesha rangi iliyofifia au mwamba uliochunwa tangu hapo. Inaweza, mradi tarehe yake inaaminika na picha ina ukubwa wake wa awali.

Kuhifadhi baada ya kutoa

Picha iliyoingia kwenye kompyuta moja imepata makazi mapya, lakini bado ni nakala moja. Laptopu huibiwa, hudondoka na kuungua. Nakala ya pili iwekwe kwenye diski ya nje au flashi, na itunzwe kwenye nyumba nyingine, kwa mfano kwa ndugu aliye Singida au Dar es Salaam, ili ajali moja isizichukue zote. Nakala ya tatu inaweza kuwekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni; akaunti ya Google, kwa mfano, hutoa GB 15 bila malipo, na GB hizo zinatosha kadi nyingi za zamani. Nakala za mtandaoni zinatumia bando, kwa hiyo picha zipakiwe polepole, folda baada ya folda.

WhatsApp si hifadhi. Picha inayotumwa humo kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na nukta zilizoondolewa hazirudi. Picha ionekanayo safi kwenye simu hutoka na ukungu ikisafishwa kwa ukubwa wa ukutani. Ndugu wa mbali atumiwe picha kama waraka, si kwa njia ya kawaida. Hapo faili hufika lilivyo.

CD za harusi zilizotolewa na studio katika miaka hiyo zinastahili uangalizi uleule. Rangi inayotunza taarifa kwenye CD za kurekodia huchakaa kwa joto na mwanga. Zinakiliwe wakati mmoja na kadi, maana kompyuta zenye tundu la CD zinazidi kupungua.

Ndipo hukumu ya kadi yenyewe inapotolewa. Kadi ndogo za zamani hazina thamani kubwa sokoni, na kuifuta kadi ili kuokoa nafasi hakuna faida. Ni heri ifungwe kwa kitufe chake, iwekwe kwenye bahasha yenye jina la tukio na mwaka, na ibaki kama nakala ya akiba. Kamera ikihitajika tena kwa kazi, inunuliwe kadi nyingine inayolingana na umri wake, na kadi hiyo ifomatiwe ndani ya kamera yenyewe.

Muhtasari wa sura

- Picha ziko kwenye kadi, mara chache kwenye kumbukumbu ya ndani. Kamera mbovu haimaanishi picha zimepotea.
- Aina ya kadi itambuliwe kabla ya kununua kifaa.
- Vumbi lifutwe, kitufe cha kufuli kishushwe, kisha kadi rida itumike.
- Folda nzima ya DCIM inakiliwe, isihamishwe.
- Idadi, ukubwa na picha zenyewe vikaguliwe kabla ya kuigusa kadi tena.
- Ujumbe wa kufomati ukataliwe, na kadi iliyofutwa kwa bahati mbaya isitumike hadi picha ziokolewe.
- Folda zipewe mwaka, mwezi, tukio na mahali. Wazee waulizwe kuhusu zisizojulikana.
- Nakala zisipungue mbili, kwenye nyumba mbili tofauti.